Fundi wa Kufuli Anatafuta Chumba

Saa moja asubuhi. Mwanamume mwembamba amepiga magoti mbele ya mlango wa mbao, sikio amelibandika kwenye ubao, na nyuma yake wapangaji wanazidi kujaa uani. Moshi unatoka kwa chini ya mlango.

Ndani yumo mtoto wa miaka miwili. Mama yake, msusi wa nywele, alitoka kwenda bombani na ndoo. Mtoto akausukuma mlango, kitasa kikajibana. Ufunguo uko ndani, sufuria iko motoni, na dirisha lina nondo. Mtoto alikuwa analia. Sasa halii tena.

"Vunjeni!" msusi anapiga kelele. "Vunjeni jamani, mnangoja nini?"

Jirani mmoja mwenye mabega mapana amerudi nyuma, tayari kujirusha mlangoni.

"Usithubutu," anasema aliyepiga magoti, bila kugeuka. "Mtoto yuko nyuma ya mlango hapa hapa, namsikia anavyokwaruza. Ukiuangusha, unamwangukia. Naombeni kimya."

Kimya kinapatikana. Hata msusi anajiziba mdomo kwa kanga yake. Fundi anaingiza waya mbili kwenye tundu la ufunguo, anafumba macho, na vidole vyake vinaanza kutafuta. Waya moja inateleza. Anaitoa, anaipinda kidogo kwa meno, anairudisha. Moshi umemfika usoni naye hakohoi, maana akikohoa mkono utatikisika.

Tak.

Mlango unafunguka upana wa kiganja. Hakimbilii kuusukuma. Anapitisha mkono kwanza, anamsogeza mtoto pembeni taratibu, ndipo anaufungua wote. Msusi anapita juu ya mabega yake kama hayupo. Anatoka na mtoto kifuani, uso umejaa masizi na kamasi, na mara mtoto anaangua kilio ambacho kila mtu pale uani alikuwa anakiomba.

"Fundi, mikono yako ibarikiwe!" Wanampa mkono, wanampigapiga mgongoni, mmoja anamletea maji ya kunawa. Anapojifuta mikono anauliza swali ambalo wiki tatu sasa analibeba mdomoni.

"Chumba kile cha mwisho nakiona hakina pazia. Kiko wazi? Mimi natafuta pa kuhamia."

Furaha inapungua ghafla. Watu wanatazamana. Mwenye mabega mapana anajifanya anafunga kamba za viatu, na amevaa ndala.

"Kiko wazi," anajibu hatimaye mama mmoja mtu mzima. "Ila usituelewe vibaya, baba. Mlango huu umeufungua kabla hata ndoo ya maji haijatuliwa chini. Sasa ukihamia hapa, sisi wenzio tutafunga na nini?"

Wanacheka. Naye anacheka, kwa sababu ni mtu wa kucheka. Kisha anakunja waya zake, anachukua ujira wake, anatoka.

"Umeona?" anamwambia mwandishi wa makala haya nje ya lango. Kicheko kimeshamtoka. "Nikifanya kazi vibaya, sipati mteja. Nikiifanya vizuri, sipati chumba."

Mtaani wanamwita Kitasa. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu, na hata mkewe hulisahau. Ni mtu wa makamo, vidole virefu, vilivyojaa makovu madogo ya tupa. Kibanda chake kiko nyuma ya soko: kuta tatu za bati, meza, mashine ya kuchongea funguo, na makufuli yaliyoning'inia kwenye kamba. Upande wa mbele uko wazi, na jioni huuziba kwa turubai.

Wateja hawachoki kumtania kwa hilo. Fundi wa kufuli, kibanda hakina mlango.

"Mashine na makufuli naondoka navyo kila jioni," anasema. "Mwizi akiingia ataiba joto."

Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye alimwachia tupa moja na sharti moja. Tupa imekwisha meno. Sharti bado lina makali: usifungue mlango wa mtu pasipo mwenye chumba kuwepo.

"Mjomba alikuwa akisema, mlango una mwenyewe hata akiwa mbali. Ukimsahau huyo mwenyewe, wewe si fundi tena. Una jina lingine, nalo unalijua."

Siku nzuri hufungua milango mitatu na kuchonga funguo za kutosha. Siku mbaya hurudi na bei ya mkate. Mkewe, anayeitwa Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zao wawili wa miaka minane, ni mfanya usafi kwenye zahanati. Kipato chao wakikichanganya kinatosha kodi, ada na chakula, "tukila kwa adabu," kama anavyosema mama huyo. Ndiyo maana swali la pesa analijibu haraka kabla hajaulizwa.

"Kodi tunayo. Miezi mitatu mbele, kama wanavyotaka wote. Mwenye matatizo hapa ni mume wangu, na matatizo yake ni kwamba kazi yake anaiweza."

Nyumba wanayoishi wamepanga miaka tisa. Mwenye nyumba alifariki, warithi wakauza, na mnunuzi anataka kiwanja, si nyumba. Wapangaji walipewa hadi Jumamosi wawe wametoka. Mnunuzi hakungoja Jumamosi kuanza kubomoa. Kila chumba kikihamwa, mafundi wanapanda juu wanaling'oa paa lake siku hiyo hiyo.

Mwandishi alipofika Alhamisi, vyumba vinne kati ya sita vilikuwa vinatazama mbingu. Cha tano kilikuwa cha kinyozi, naye alikuwa anafunga virago. Cha sita ni cha Kitasa.

"Usiku nasikia mabati ya jirani yaliyolegea yanavyopiga kelele," alisema Mama Pacha. "Nahesabu moyoni. Bado sisi."

Ndani ya chumba hicho, nyuma ya kitanda, kuna kitu kikubwa kilichofunikwa shuka. Ni mlango. Mlango wa mbao ngumu, mzito, wenye kitasa cha shaba ambacho fundi mwenyewe alikihangaikia jioni nyingi mpaka kikawa kinageuka bila sauti. Aliupata miaka saba iliyopita ofisi moja ilipobomolewa: walimpa mlango badala ya ujira. Tangu hapo unaegemea ukuta. Haujawahi kufungua wala kufunga chochote.

Huo ndio mwanzo wa nyumba yake. Kiwanja hana.

"Watu huanza na msingi, mume wangu ameanza na mlango," alisema Mama Pacha, akimtazama mumewe kwa jicho ambalo halikuwa la hasira wala la utani mtupu. "Nikamwambia, baba, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Akanijibu, 'Umesahau mwisho wake: fungua uingie ndani.' Nikamuuliza, ndani ya wapi?"

Kutafuta chumba si kazi ya mtu mwenye haya. Unapita mlango kwa mlango, unaulizwa una watoto wangapi, mnapika na nini, mnalala saa ngapi, kana kwamba umeomba kuoa. Kitasa alimtafuta mwenye kuijua njia, dalali mmoja anayeitwa Raba kwa sababu ya viatu vyake vilivyokwisha soli kwa kutembea.

Chumba cha kwanza alichoonyeshwa kilikuwa kizuri hasa: sakafu ya saruji, madirisha mawili, bomba uani. Mwenye nyumba, mama mjane asiye na makuu, alishakubali. Kilichobaki ni kupokea ufunguo. Kitasa akautazama ufunguo, akautazama mlango, na ulimi ukamponyoka.

"Mama, kitasa hiki wamekuuzia kibovu. Hata kijiko kinakifungua."

"Kijiko?"

"Niletee uone."

Akaletewa. Mlango ukafunguka. Mama yule akashika kiuno kwa mshangao, na Kitasa, kwa kuwa alitaka kumsaidia kweli, akaenda akafungua na wa stoo. Alipofika wa tatu, ambao ulikuwa wa chumba cha mama mwenyewe, alinyang'anywa kijiko.

"Mdomo uliponza kichwa," anasema Raba, ambaye bado hajui acheke au alie. "Nimeona watu wakinyimwa chumba kwa sababu ya watoto, kwa sababu ya redio, hata kwa sababu ya mbuzi. Kwa sababu ya kijiko, ndiyo kwanza."

Baada ya hapo Raba alimpa amri: ukiulizwa kazi, sema wewe ni fundi chuma. Si uongo, kufuli si chuma? Kitasa hakuipenda, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alisema fundi chuma, akapewa chumba, akalipa. Familia ikahamia na kitanda kwanza.

Walikuwa wanakaza misumari ya kitanda mama mmoja wa nyumba ya pili alipochungulia langoni.

"Kitasa! Ni wewe? Unahamia huku kwetu? Ee, Mungu mkubwa!" Akawageukia wapangaji waliokuwa wanaosha vyombo. "Huyu bwana mnamwona mpole hivi, hakuna mlango unaomshinda!"

Alikuwa anamsifu. Sifa ile ilizunguka ua mzima kabla kitanda hakijasimama, na mwenye nyumba akaja na pesa zao mkononi, zote, hata moja hajapunguza.

"Sina neno na kazi yako," alimwambia. "Nina neno na midomo ya wapangaji wangu. Siku kuku akipotea hapa, hata kama amebebwa na mwewe mchana kweupe, mtatajwa ninyi."

Kitanda kikafunguliwa tena. Mama Pacha anasema lililomuuma si kitanda. Lililomuuma ni jambo lililotokea siku chache baadaye, walipokwenda na watoto kuangalia chumba kingine. Mmoja wa pacha alimvuta gauni akamnong'oneza, "Mama, tusifungue mabegi kwanza."

"Ana miaka minane," alisema mama huyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini siku ile hata Raba, ambaye hula kwa shida za wapangaji, aligeuza uso.

Ijumaa jioni simu ililia. Mwenye nyumba mmoja, anayejulikana mtaa wa tatu kwa jina la Bwana Mapema kwa sababu hudai kodi kabla mwezi haujafika, alisikia kuna fundi wa kufuli anatafuta chumba. Yeye hakuogopa. Alifurahi.

"Chumba ninacho," alisema. "Njoo kesho na familia yako. Na mfuko wako wa kazi usiusahau."

Kitasa alidhani kuna kitasa cha kurekebisha. Alimwambia mkewe kwamba hatimaye wamepata mtu anayeona faida ya kuwa na fundi ndani ya nyumba. Walilala wakiongea, jambo ambalo, kwa maneno ya Mama Pacha, walikuwa wamelisahau.

Jumamosi asubuhi mafundi wa mabati hawakungoja. Walipanda juu ya chumba cha sita Mama Pacha akiwa bado anakunja shuka, na jua likamwagikia kitandani. Vyombo vikatolewa mbiombio. Mkokoteni ulipakiwa: ule mlango chini kabisa, umelala kama sakafu, kitanda juu yake, kisha sufuria, mabegi, mashine ya funguo, na juu ya vyote pacha wawili wakiwa wameshikana mikono. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeanza kuwa zito.

Bwana Mapema aliwapokea langoni kwa bashasha. "Karibuni, karibuni! Vifaa umekuja navyo? Safi kabisa." Akawapeleka hadi chumba cha pembeni. Mlangoni palikuwa na kufuli.

"Haya, fungua."

"Ufunguo uko wapi, mzee?"

"Angekuwepo mwenye ufunguo ningekuita wewe?" Bwana Mapema alicheka. "Alikuwa anakaa mama mmoja, mpishi wa shule. Ametoroka, wiki ya tatu sijamwona. Vitu vyake wewe toa, panga pale ukutani, funga kufuli lako, lala. Kuanzia leo chumba ni chako. Wewe umepata chumba, mimi nimepata mlango wangu."

Mama Pacha alikuwa ameshaingia uani na beseni la vyombo kichwani. Alilishusha polepole. Wapangaji walisimama kila mtu kizingitini pake. Walikuwa na sura za watu wanaojua jambo na wanaogopa kulijua.

Kitasa akapiga magoti. Akafungua mfuko wake, akatoa waya. Mwandishi alikuwa nyuma yake, na anaweza kusema kwamba mkono ule uliotulia kwenye moshi siku mbili kabla, sasa ulisita kabla ya kulifikia kufuli.

Kufuli lilikuwa limevishwa mfuko wa nailoni, na mfuko umefungwa kwa uzi, fundo zuri, la mtu asiye na haraka. Kitasa akalifungua fundo. Akalinusa kufuli. Akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kisha akalivisha mfuko wake upya, akaufunga uzi kama alivyoukuta, akainuka.

"Vipi?" Bwana Mapema akauliza. "Limekushinda?"

"Halijanishinda. Limepakwa mafuta, halafu likavishwa nailoni mvua isiliharibu. Aliyefanya hivi anarudi."

"Nailoni! Mimi nakupa chumba, wewe unanisomea nailoni?"

"Mzee, mtu anayetoroka hata mlango hageuki kuutazama. Huyu ameliaga kufuli lake." Akawageukia wapangaji. "Jamani, huyu mama yuko wapi?"

Bwana Mapema akawapitishia macho mmoja mmoja. Hapo ndipo muuza mitumba mmoja, mama mnene aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akasema huku anatazama chini:

"Anamuuguza mama yake. Aliaga. Alimuaga kila mtu hapa, na mzee mwenyewe alimuaga."

"Kuuguza si kodi!" Bwana Mapema alifoka. "Nyumba ni yangu au si yangu?"

"Nyumba ni yako," alisema Kitasa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Mlango una mwenyewe."

"Basi toa takataka zako kwangu. Nyundo hazijaisha duniani."

Mama Pacha alikuwa amesimama kando ya beseni lake. Alimtazama mumewe, akautazama mkokoteni, akawatazama watoto juu yake.

"Na hawa leo watalala wapi?" alimuuliza. "Ndani ya kufuli?"

Mama Pacha akainama, akajitwika beseni, akatoka nalo langoni. Kosa lake Kitasa alilijua, na hakulitetea: angeuliza kwenye simu kwa nini anatakiwa na mfuko wa kazi, asingewaleta watoto mpaka pale.

Walipokuwa wanageuza mkokoteni, kuna kitu kilikwaruza sakafuni ndani ya ua. Muuza mitumba alikuwa amekivuta kigoda chake mpaka mbele ya mlango wa mpishi. Akakaa, akakunja miguu, akatoa simu.

"Mwenye nyundo akija," alisema, "atanikuta hapa."

Njia nzima Mama Pacha alitangulia mbele ya mkokoteni na beseni lake kichwani. Kesho yake alimwambia mwandishi alichokuwa anawaza. "Nilimchukia. Sifichi, barabara ile yote nilimchukia. Nikawaza, mwanamume gani anahurumia kufuli la mtu asiyemjua, watoto wake wako juu ya mkokoteni? Halafu tulipofika kwenye kona nikawaza lingine. Angefungua, ningelala mle ndani, na kila nikienda kazini ningejiuliza leo ni nani amepiga magoti mbele ya mlango wangu."

Palibaki mahali pamoja tu pa kwenda. Kibandani, nyuma ya soko, walishusha vyombo chini ya kuta tatu za bati. Turubai la mbele lilikuwa limechanwa na upepo wa wiki iliyopita, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Pacha walikaa juu ya mabegi yao. Hawakuuliza kama wayafungue.

Kitasa akauvua mkokoteni kila kitu mpaka akaufikia mlango. Kisha akaomba nyundo kwa muuza mkaa wa jirani.

Alikuwa anapigilia bawaba kwenye nguzo msusi alipotokea kwenye vichochoro vya soko, mtoto mgongoni, mfuko wa plastiki kichwani kwa sababu ya mvua.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nimekutafuta kule ulikokuwa unakaa, nimekuta paa halipo."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Anakula tu, hana habari." Akajisogeza chini ya bati. "Tumekaa kikao jana, wapangaji wote. Kuhusu kile chumba. Wengine wanakutaka, wengine wanaogopa. Wanaoogopa wametoa sharti. Wanasema uje, lakini vifaa vyako visivuke lango letu. Vibaki huku huku."

Kitasa akaweka nyundo chini.

"Vifaa nitaviacha hapa, si shida," alisema. "Mikono je? Mikono nitaiacha wapi?"

Hakusema kwa ugomvi. Alikuwa amechoka, na swali lilikuwa swali kweli. Msusi akaitazama mikono ile, yenye makovu na sasa yenye kutu ya bawaba. Akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Wote wale mimi ndiye ninayewasuka," alisema. "Wanakaa chini, wananiwekea vichwa magotini, wanasinzia. Wembe uko mkononi mwangu na shingo zao ziko hapa." Akajipiga paja. "Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza mikono yangu nitaiacha wapi. Leo jioni nitawauliza mimi."

Akaondoka kwenye mvua bila kungoja kushukuriwa. Jibu lingetoka Jumapili jioni, wapangaji wakishakutana na mwenye nyumba wao.

Kitasa anasema lolote watakalojibu atalipokea. Wakikubali, atahamia na kitanda na watoto, na kila mpangaji atamwekea komeo la ndani bila kumtoza, "wafunge kwa mikono yao, walale." Wakikataa, Raba amesikia habari ya kiwanja kidogo nje ya mji, mahali ambapo bado hakuna barabara, na muuzaji anakubali kulipwa kidogo kidogo. Chumba kimoja tu, anasema. Ukubwa wowote, mradi ukuta mmoja utoshe mlango.

Mlango wenyewe jioni ile ulikuwa umesimama kwa mara ya kwanza. Uwazi wa kibanda ulikuwa mpana kuliko mlango, ikabidi upande uliobaki uzibwe kwa kipande cha bati, na nguzo iliyobeba bawaba ilikuwa imeinama kidogo. Mlango wa mbao ngumu na kitasa cha shaba, kwenye kibanda cha bati kilichotoboka. Muuza mkaa alipouona alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Lakini ulifunga. Kitasa aliugeuza ufunguo, na kama alivyokusudia jioni zote zile, haukutoa sauti.

Pacha ndio waliotaka kuujaribu. Walitoka nje, mvua ikiwanyeshea, wakaufunga, wakaanza kugonga kwa ngumi zote nne.

"Hodi! Hodi!"

Ndani, mama yao alikuwa anatandika kitanda. Tangu walipotoka kwa Bwana Mapema hakuwa amemsemesha mtu yeyote, mumewe wala watoto.

"Hodi humu ndani!"

"Nani?" baba yao akauliza.

Nje wakashauriana, wakachekana, kisha wakajibu kwa pamoja.

"Wenye nyumba!"

Kitasa aliushika ufunguo asiugeuze. Alikuwa anamtazama mkewe. Mama Pacha alinyoosha shuka mpaka pembeni, akaichomekea chini ya godoro, ndipo akainua uso.

"Haya basi," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Fungueni mwingie ndani."